Blanketi haliyeyushi barafu

Lamu na Malindi wapo wengi wanaoamini kwamba barafu ikifunikwa blanketi au vumbi la mbao itayeyuka upesi, kwa kuwa vitu hivyo vina joto. Ni fikra inayoeleweka: tukijifunika blanketi usiku wa kusi, si tunapata joto?

Lakini joto lile ni la miili yetu. Blanketi halina moto wake; kazi yake ni kuzuia joto lisipite, liwe linatoka au linaingia. Barafu ikiwa ndani, kinachozuiwa ni joto la nje.

Kabla ya majokofu, watu wa nchi za baridi walikata barafu kwenye maji ya ziwa yaliyoganda, wakaipanga mapangoni au kwenye vibanda maalumu na kuizungushia vumbi la mbao, nayo ikafika kiangazi. Mwaka 1833 meli iliyotoka Boston, Marekani, ilipakia tani 180 hivi za barafu. Ilivuka ikweta mara mbili, ikakaa baharini karibu miezi 4, na bado ikafikisha Calcutta, India, takriban tani 100!

Ukitaka kuhakikisha, gandisha maji kwenye vikopo viwili vilivyo sawa. Barafu moja iache wazi kwenye sahani, nyingine ifunge kwa kitambaa kizito kikavu, zote kivulini. Fungua baada ya saa moja. Ukipenda kutumia vumbi la mbao, utalipata kwa mafundi wa majahazi, kijijini Matondoni, Lamu, kwa mfano. Liwe kavu, maana likilowa hupitisha joto zaidi, na maji yapate pa kutokea. Pande zima nalo hudumu kuliko barafu iliyopondwa. Wavuvi wanaohifadhi samaki kwa barafu kwenye majokofu mabovu wanalijua hilo fika.