Ikhlasi: tauhidi inapofika kwenye nia

Makureshi, watu wa kabila la Mtume Muhammad (s.a.w.) kule Makka, waliompinga hawakuwa watu wasiomjua Mungu. Qur'ani yenyewe inawashuhudia kwamba ukiwauliza nani kaumba mbingu na ardhi, watakujibu ni Mwenyezi Mungu (Luqman, 31:25). Waliitukuza Al-Kaaba, wakahiji, wakaapa kwa jina Lake. Walipoulizwa kuhusu masanamu walikuwa na jibu: hatuyaabudu ila yatukurubishe kwa Mwenyezi Mungu (Az-Zumar, 39:3). Muumba kwao alikuwa mmoja, ila wa kuombwa walikuwa wengi.

Ndiyo maana kuieleza tauhidi, yaani kumpwekesha Mwenyezi Mungu, kwa kusema tu "Mungu ni mmoja" hakutoshi. Kukiri kwamba Yeye peke yake ndiye anayeumba, anayeruzuku na anayeendesha mambo ni nusu ya habari, na nusu hiyo Makureshi walikuwa nayo. Nusu waliyoikataa ni kwamba ibada yote iwe Yake peke Yake: swala, dua, nadhiri, kuchinja, na hata yale yasiyoonekana kama khofu, matumaini na kutawakali. Ikhlasi ni kuitekeleza nusu hiyo ya pili kikamilifu, hadi ndani ya nia, pale ambapo hakuna binadamu anayeweza kuchungulia. Kwa sababu hiyo naona si sahihi kuihesabu kuwa tabia njema tu, kama upole au ukarimu. Qur'ani inaitaja kwenye agizo lenyewe la ibada: watu hawakuamrishwa ila wamuabudu Mwenyezi Mungu kwa kumtakasia dini (Al-Bayyina, 98:5).

Kuna aya inayowaeleza washirikina hao wakiwa safarini baharini. Wanapopanda chombo na hatari ikawazunguka, humuomba Mwenyezi Mungu peke Yake kwa ikhlasi. Akishawafikisha nchi kavu, wanarudi kumshirikisha (Al-Ankabut, 29:65). Jambo hilo lilimpata Ikrima, mwana wa Abu Jahl aliyekuwa adui mkubwa wa Mtume. Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 Hijria (630), alikimbia kwa njia ya bahari. Tufani ikawakuta, na watu wa chombo wakaambizana: mtakasieni Mungu dua zenu, kwani miungu yenu haitawafaa kitu hapa. Ikrima akasema, ikiwa baharini haniokoi ila kumtakasia Yeye, basi na nchi kavu haniokoi mwingine. Akaahidi kwamba akisalimika atakwenda kuutia mkono wake katika mkono wa Muhammad. Alisalimika, akaenda, akasilimu. Hakuwa amejifunza hoja yoyote mpya mle chomboni. Kilichombadilikia ni kuiona dua yake mwenyewe ilivyokuwa ikielekea pande mbili siku zote.

Mwislamu anayeswali na kufunga hana sanamu nyumbani, lakini dua na amali zake bado zaweza kuelekea pande mbili. Anasimama kuswali, anasikia nyayo za mtu anaingia, anairefusha rukuu. Wa pili katika swala ile sasa ni macho ya mtu. Hii ndiyo riya, na Mtume (s.a.w.) aliiita shirki ndogo (shirki ni kumshirikisha Mwenyezi Mungu), akasema ndiyo anayowakhofia zaidi umma wake. Ni ndogo kwa maana kwamba haimtoi mtu katika Uislamu kama inavyomtoa shirki kubwa. Amali iliyofanywa kwa ajili ya watu, hata hivyo, haina thawabu. Katika hadithi qudsi, yaani maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyosimuliwa na Mtume, aliyoipokea Imamu Muslim, Mwenyezi Mungu anasema Yeye ndiye asiyemhitaji mshirika kabisa, na mwenye kufanya amali akamshirikisha mwingine ndani yake, humwacha pamoja na ushirika wake. Qur'ani imemfananisha atoaye mali ili aonekane na jabali lililofunikwa udongo: mvua kubwa inashuka, udongo wote unakwenda, linabaki jiwe tupu (Al-Baqara, 2:264).

Hadithi nzito kuliko zote katika mlango huu, kwangu mimi, ni ile ya sahaba Abu Huraira kuhusu watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama: aliyeuawa vitani, aliyejifunza elimu na kuisoma Qur'ani, na tajiri aliyetoa katika kila njia ya kheri. Kila mmoja anataja alichofanya, na amali yake kweli ilifanyika. Anajibiwa kwamba alitaka asemwe shujaa, au msomi, au karimu, na imeshasemwa. Ujira alioutaka ameshaupokea duniani, kisha anaburutwa Motoni.

Wengine wakiyasikia haya hutishika hata wakaacha kheri. Anaacha kuswali sunna msikitini kwa kuwa watu wapo. Anarudisha sadaka mfukoni kwa kuwa ameonekana. Fudhayl bin Iyadh, mchamungu wa karne ya pili Hijria, alilikataa hilo kwa ukali: kuacha amali kwa ajili ya watu, alisema, nako ni riya. Na kweli, kwani aliyeacha bado amewafanya watu kuwa kipimo chake. Qur'ani imeisifu sadaka ya dhahiri kuwa ni jambo jema, kisha ikasema ya siri ni bora (Al-Baqara, 2:271). Wala furaha ya kusifiwa bila kukusudia si riya. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mtu afanyaye kheri kisha watu wakamsifu, akajibu kwamba hiyo ni bishara njema anayotangulizwa muumini hapa duniani. Na wazo la kutaka kuonekana likimjia mtu katikati ya swala, akalisukuma na kuendelea, halimdhuru. Mbaya ni kulikaribisha na kuipamba swala kwa ajili yake.

Swali jingine huulizwa sana: je, nia ikichanganyika na faida ya dunia? Faida na riya si kitu kimoja. Anayefunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na papo hapo akatumai mwili wake utapumzika, hajamtafuta mtu wa kumtazama, ingawa anayefunga kwa ajili ya mwili peke yake hana ibada hapo. Masahaba waliona tabu kufanya biashara katika msimu wa Hija, wakidhani itaiharibu ibada yao, ndipo ikateremka aya ya 198 ya Al-Baqara: hapana ubaya kwao kutafuta fadhila ya Mola wao. Wakauza na kununua katika msimu ule ule, na Hija yao ikabaki kuwa Hija.