Vidole kujaa ukiwa unatembea: vua pete, vidonge vya kukojoza viache dukani

Klabu za jogingi zimeongezeka sana hapa Mtwara mjini na wale wa kutembea tu nao wamekuwa wengi, jambo ambalo sisi wa mazoezi tiba hospitalini tunalifurahia, ila limekuja na lalamiko lake. Mtu katoka Shangani kapiga miguu mpaka Mikindani, akifika anaangalia mikono, vidole vimejaa kama ndizi mzuzu, ngumi haikunji, pete imegoma kutoka. Anaogopa. Akirudi nyumbani jirani anamwambia hiyo figo, shemeji anasema presha, na kwenye grupu la WhatsApp kuna mtu anaandika kwa kujiamini kabisa kwamba ni sumu inatoka mwilini we endelea tu.

Sumu haitokei vidoleni jamani. Hili tumeshalisema mpaka tumechoka.

Kinachotokea ni hivi, ukitembea kwa kasi moyo, mapafu na misuli ya miguu vyote vinadai damu, mikono ambayo kazi yake pale ni kuning'inia inapunguziwa mgao, na inaaminika mishipa midogo ya mikononi inajibu kwa kutanuka. Hapo hapo mwili unapata joto na njia yake ya kulitoa ni kusukuma damu ije juu kwenye ngozi. Sasa mkono uko chini, unabembea muda wote, kiasi kidogo cha maji kinavuja kwenye mishipa kinakaa kwenye nyama za vidole. Wataalamu bado wanabishana kati ya hizo sababu ipi ina uzito zaidi, lakini kwamba hali hii inawatokea watu wengi wazima wa afya na inaisha yenyewe ukishapumzika, hilo halina ubishi. Na kwa joto la huku kwetu, hasa miezi ya kaskazi kuanzia Novemba mpaka Machi ambapo jasho lenyewe halikauki kwa unyevu wa bahari, mtu anayeanza kutembea saa tatu asubuhi asishangae.

Kwa hiyo usiache kutembea. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na tangu mwishoni mwa 2016 Serikali ilishatuwekea Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, sasa mtu anaacha yote hayo kwa sababu ya vidole kujaa kwa muda wa saa moja tu? Fanya haya: pete, bangili na saa acha nyumbani, au saa ilegeze mkanda. Ukiwa njiani kila baada ya muda nyoosha vidole vyote vipanuke halafu kunja ngumi, rudia mara kadhaa, inua mikono juu ya kichwa, zungusha mabega mbele na nyuma. Ukishika fimbo au kijiti inasaidia pia kwa sababu misuli ya kiganja inafanya kazi. Toka alfajiri. Ng'onda na samaki wa chumvi punguza, chumvi yote kwa siku isizidi gramu 5 ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyoko kwenye korosho unazotafuna ukiangalia mpira.

Pete ndo inatuletea kazi. Ikigoma usiivute kwa nguvu, unavyovuta ndo kidole kinazidi kuvimba. Inua mkono juu dakika kadhaa, chovya kwenye maji ya baridi, paka sabuni au mafuta ya kula halafu izungushe taratibu huku unaisogeza. Ikikataa kuna njia ya uzi: ncha moja ya uzi unaipitisha chini ya pete itokee upande wa kiganja, uzi uliobaki unaufunga kidoleni kwa kubana, mzunguko juu ya mzunguko bila kuacha nafasi, kuanzia kwenye pete mpaka kupita kifundo cha kidole, halafu unashika ile ncha ya upande wa kiganja unaufungua uzi, pete inatembea yenyewe juu ya uzi. Kidole kikiwa cha bluu au kimepauka, kimekufa ganzi, kimekuwa cha baridi au kinauma sana, hayo ya uzi achana nayo njoo dharura moja kwa moja. Pale unaandikishwa, unaelezwa, unasaini kwamba umeridhia pete ikatwe, inakatwa na kisu chake maalumu chenye kikinga ngozi, vipande unakabidhiwa na unasaini tena umepokea. Najua pete ya ndoa inauma kukatwa, lakini tunalolinda pale ni kidole, na hatuwezi kukata bila sahihi yako kama una fahamu zako, kwa hiyo kumpigia kwanza mume aliyeko baharini atoe ruhusa sio utaratibu wetu. Na kwa wale wa pete za tungsten, yaani zile za chuma kigumu sana, zile hazikatwi kwa kisu hicho, zinapasuliwa, mwambie mhudumu mapema tusipoteze muda.

Sasa vidonge vya kukojoza, maana wapo wanaovikimbilia dukani ili vidole vishuke. Hapa naomba niseme wazi. Furosemide, ambayo ni moja ya vidonge hivyo, ni dawa ya cheti, maana yake daktari amekupima ndo akaiandika. Ukiinywa kwa ajili ya vidole vya mazoezi unapoteza maji na madini kama potasiamu, presha inashuka, unasikia kizunguzungu, na ukitembea nayo juani unaweza kuanguka barabarani. Muuzaji naye anayetoa dawa ya cheti bila cheti anavunja Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, na wakaguzi wa Baraza la Famasi wakimkuta anaweza kufungiwa duka, kunyang'anywa kibali na kufikishwa mahakamani. Kwa hiyo ukimbembeleza dada wa duka la dawa "nipe vitatu tu" unamtafutia matatizo, na wewe unajitafutia yako.

Kuna na kosa la upande wa pili, wale wanaojiandaa na mbio za Korosho Marathon wameambiwa maji ni uhai basi wanakunywa chupa kwa chupa bila hata kiu. Ukitembea au kukimbia masaa mengi huku unakunywa maji matupu kupita kiasi, chumvi ya kwenye damu inashuka. Mikono inajaa, ndio, lakini hapo inakuja na kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, na ikizidi degedege. Hiyo ni dharura. Kunywa kufuata kiu.

Matende siwezi kuyaruka, maana ukanda wetu wa Lindi na Mtwara una historia nayo na kila mwenye uvimbe anayawaza. Matende yanaletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, ikakaa kwenye mishipa ya limfu, yaani ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu, na mara nyingi unaona mguu au korodani, mkono mara chache. Hayaanzi ukiwa umetembea nusu saa yakaisha ukishaoga. Ila uvimbe wa upande mmoja, unaokaa siku nzima na kurudirudi, njoo upimwe, na dawa za kingatiba wakipita kugawa meza, msizitupe nyuma ya nyumba maana tunaziona.

Ambao hawatakiwi kungoja ni hawa. Mjamzito aliyevuka wiki 20 akivimba mikono na uso, hasa akiwa na kichwa kinachouma, macho kuona maluweluwe au maumivu ya tumbo juu, aje leo hii sio kesho, hicho kinaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba. Aliyevimba mkono mmoja wenye maumivu, wekundu au joto. Anayehema kwa shida akilala chali huku miguu yote imejaa. Aliyevimba midomo na koo. Hawa wote hawahitaji barua ya rufaa, dharura inapokelewa popote. Wengine anzeni zahanati au kituo cha afya, mkionekana mnahitaji zaidi mtaandikiwa rufaa ya kuja kwetu, na kama ni mwanachama wa bima njoo na kadi yako. Yako, narudia, sio ya dada yako mnayefanana, kutumia kadi ya mtu mwingine ni kosa, kadi inazuiliwa na gharama unalipa mwenyewe.

Na ukija, beba dawa unazotumia na makopo yake. Wapo wanaotumia amlodipine ya presha ambayo inaweza kujaza miguu hasa vifundoni, na usiiache mwenyewe kwa sababu hiyo, mwambie daktari abadilishe. Lakini ukituambia tu "kile cheupe kidogo" hatuwezi kujua, vidonge vyeupe vidogo kwenye stoo yetu ni rafu nzima.