Kuitambua Capparis tomentosa kwa Kikonyo cha Tunda Lake

Mfugaji mmoja wa upande wa Bahi, Dodoma, aliniletea tawi lenye miiba, akataka nimhakikishie kwamba ni kikwata, aina ya mgunga. Mbuzi wake wawili walikuwa wamelila na sasa walikuwa wakiyumba miguu ya nyuma, naye hakuelewa kwa nini mti wanaoula siku zote uwadhuru. Nilimwelekeza kwanza kwa afisa mifugo, kisha tukakaa kivulini kulichunguza tawi.

Tawi halikuwa la kikwata bali la Capparis tomentosa, kichaka chenye miiba kinachopanda miti mingine, lakini kosa lake linaeleweka. Mimea yote miwili ina miiba mifupi iliyopinda kama kucha za paka, miwili miwili kwenye kila kifundo, na mtu aliyekwaruzwa hana subira ya kutazama zaidi. Lakini jani la kikwata limegawanyika katika vijijani vichache, ilhali jani la tawi hili lilikuwa moja, zima, lenye umbo la yai refu. Halikuwa la mkunazi pia, kwa maana jani la mkunazi huwa na mishipa mitatu inayoanzia pamoja kwenye kitako, na hili lilikuwa na mshipa mmoja wa kati unaotoa matawi pembeni.

Nilipolipitisha kidoleni nilihisi kama mahameli. Malaika, yaani vinyweleo laini, ya rangi ya manjano hafifu yalikuwa yamefunika kijiti kichanga na pande zote mbili za jani, na ndiyo sababu Lamarck, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, alipouelezea mmea huu mwaka 1785, aliuita tomentosa, yaani wenye manyoya yaliyosongamana. Ndugu zake Capparis fascicularis na Capparis sepiaria, ambao nao wana miiba iliyopinda, wana matunda madogo zaidi, wakati tunda la tomentosa ni la mviringo, hufikia sentimita 5 na huiva likawa la waridi au la rangi ya chungwa.

Alama ninayoiamini kuliko zote ni kikonyo cha tunda. Ua lina sepali 4 (vijani vya nje), petali 4 na stameni nyingi ndefu (nyuzi zenye chavua), na katikati yake ovari, sehemu inayokuwa tunda, haikai juu ya kitako cha ua kama tulivyozoea, bali imeinuliwa juu ya kijiti chake chenyewe kiitwacho ginofori. Petali na stameni zikianguka, hubaki kovu la mviringo. Kwa hiyo ukishika tunda utaona kikonyo chenye sehemu mbili: chini ya kovu ni kikonyo cha ua, juu yake ni ginofori iliyonenepa kulibeba tunda. Kikwata huzaa maganda bapa, na mkunazi huzaa tunda lisilo na kovu la namna hiyo katikati ya kikonyo.

Hata hivyo, ginofori peke yake itakufikisha kwenye familia ya mmea tu, kwa sababu ndugu wengine wa familia hiyo, Maerua, Boscia na Cadaba za vichaka vyetu, pia wanayo. Hao hawana miiba ya jozi. Ni lazima kikonyo, miiba na malaika vionekane pamoja.

Kwenye tawi la yule mfugaji lilikuwapo tunda moja kavu, na kovu lilionekana hata bila lenzi. Nilimwuliza alilikata wapi. Akasema, juu ya kichuguu, pale mmea ulipopanda mti mwingine hadi kileleni, na hapo ndipo ninapoukuta mara nyingi hata mimi.