Katuni ya kutangaza kazi yako: anza na sauti, michoro itafuata

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko wowote ni huu: "Kaka, nataka katuni fupi ya kutangaza kazi zangu, nitumie programu gani?" Programu ni jambo la mwisho kuamua, ila ndilo linaloulizwa kwanza. Mtu anashusha mzigo wa megabaiti kibao, anaangalia mafunzo YouTube mpaka bando linakata, anachora jamaa mwenye tai anayepunga mkono. Halafu anakwama. Jamaa mwenye tai hana la kusema.

Naishi kwa kazi hii ya michoro jongefu, na utaratibu wangu haubadiliki, awe mteja ni benki au fundi wa mtaani: skripti, sauti, storibodi (michoro ya harakaharaka inayoonyesha kila tukio kwa mpangilio), ndipo mchoro. Sauti iliyokwisha kurekodiwa ndiyo inayoamua kila picha ikae sekunde ngapi. Ukichora kwanza, utaishia kutupa michoro uliyoihangaikia usiku kucha, au kumkimbiza msimulizi kama mtangazaji wa mpira dakika za lala salama.

Tuchukue fundi friji anayetaka kujitangaza. Skripti ya kwanza karibu kila mara huja hivi: "Karibu upate huduma bora za ufundi wa friji. Tuna uzoefu wa muda mrefu, mafundi waliobobea na bei nafuu. Mteja ni mfalme." Futa neno "friji" uweke "saluni". Kuna kilichoharibika? Hakuna. Maneno yanayoweza kuhamia kwenye biashara yoyote hayaitangazi ya kwako, na kwetu wachoraji yana ubaya wa ziada: hayachoreki. "Huduma bora" utaichoraje? Ndiyo maana matangazo yamejaa vidole gumba na nyota tano.

Sasa soma hii:

"Friji inanguruma usiku kucha, asubuhi maziwa yamechacha. Kabla hujaita fundi, chukua noti. Ibane kwenye mlango wa friji, kisha ivute. Imetoka kirahisi? Mpira wa mlango umechoka, baridi inatorokea nje. Nipigie, nije niubadilishe. Imekaza? Jaribu pembe zote za mlango. Zikikaza zote, tatizo liko kwingine, na kulitafuta ndiyo kazi yangu."

Kipimo cha noti ni cha kweli, jaribu kwenye friji yako sasa hivi. Mtazamaji ameondoka na kitu mkononi hata kama hatapiga simu leo, na fundi ameonyesha kwamba anaijua kazi bila kujiita mbobezi. Halafu angalia vitu vilivyomo: friji, maziwa, noti, mlango, mkono. Vyote unaweza kuvichora hata kama hujawahi kusomea kuchora, maana friji ni mstatili na noti ni mstatili mdogo.

Urefu wake ni kama nusu dakika. Kiswahili kinachosomwa kwa utulivu hubeba maneno 100 hadi 120 kwa dakika. Mafunzo ya Kiingereza hutaja 150. Achana nayo, kwetu neno moja kama "nitakutengenezea" lina silabi nane. Dakika moja ndiyo mwisho wako kama ndiyo kwanza unaanza. Video ya dakika tatu ni kazi mara tatu, na watazamaji hawaongezeki mara tatu.

Kurekodi kunahitaji simu na kabati la nguo. Sitanii. Nguo zinanyonya mwangwi ambao ukuta wa saruji unaurudisha. Zima feni, subiri bodaboda ipite, simama wima, weka simu umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige pumzi kwenye maiki. Kabla ya kusoma, nyamaza sekunde kumi huku unarekodi. Ukimya huo utaupeleka kwenye Audacity, programu ya bure, uionyeshe kelele ya chumba chako ilivyo ili iiondoe kwenye rekodi nzima. Kuhusu sauti za kompyuta: zipo za Kiswahili, nyingine nzuri, lakini wewe unajitangaza wewe. Mteja akipiga simu akakuta sauti ileile aliyoisikia kwenye video, umeshapunguza nusu ya mashaka yake.

Storibodi isikupotezee muda. Kunja karatasi ya A4 mara tatu upate vyumba nane, chora vijiti na mistatili, piga picha kila chumba, zipange juu ya sauti kwenye CapCut, programu ya kuhariri video. Tazama yote mara moja. Pale unapochoka wewe mwenyewe, pana picha iliyokaa mno.

Sasa programu. OpenToonz, Krita na Blender ni za bure na zina uwezo kuliko utakaouhitaji mwaka huu. Blender itailemea kompyuta nzee. Ukiwa na simu tu, Canva inatosha kwa video ya kwanza. Jihadhari na wahusika wa kuazima waliojaa kwenye programu za violezo: shati jeupe, ofisi ya vioo, maghorofa dirishani. Mtu wa Buza, Dar, au Kayole, Nairobi, akiona hayo anajua mara moja kwamba hazungumziwi yeye. Chora friji yenye stika za watoto mlangoni na kitambaa cha kufuma juu yake, uone watu watakavyocheka kwa kujitambua.

Kwenye mwendo, kosa la wanaoanza ni kusogeza kila kitu kwa kasi moja, kutoka fremu ya mwanzo hadi ya mwisho (fremu ni picha mojamoja zinazounda video). Hakuna mkono unaosogea hivyo. Chukua tukio la kuvuta noti. Kwanza tenganisha vitu kwenye leya zake, yaani kila kitu kwenye tabaka lake: mwili wa friji, mlango, noti, kiganja, mkono. Weka egemeo la mkono, yaani nukta unapozungukia, kwenye kiwiko. Ukiliacha katikati ya picha, mkono utazunguka kama panka. Tuseme video yako ni fremu 25 kwa sekunde. Kiganja kinashika noti, kinasogea kidogo kuelekea mlangoni kwa fremu nne, kana kwamba kinajikusanya, ndipo kinavuta kwa fremu nane, polepole mwanzoni, haraka katikati, taratibu mwishoni. Kwa mpira uliochoka, noti inachomoka na mkono unapitiliza kidogo kwa kukosa upinzani. Kwa mpira mzima, mkono unarudi nyuma, noti inanyooka, halafu hakuna kinachotokea. Huo mgomo uache nusu sekunde nzima. Hapo ndipo mtazamaji anapoelewa bila kuambiwa.

Mhusika wako lazima aongee? La. Msimulizi asiyeonekana anatosha kabisa. Lakini kama roho inataka, Kiswahili kimekurahisishia. Irabu ni tano na silabi nyingi huishia na irabu, hivyo unahitaji midomo saba tu: a, e, i, o, u, mdomo uliofumba kwa m, b na p, na meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Herufi kama n, t, k, s zinatengenezwa ndani ya kinywa, zipite. "Maziwa" inakuwa fumba, a, i, u ya harakaharaka kwa ajili ya w, kisha a. Kwa kasi ya kusoma niliyoitaja, silabi moja inachukua kama fremu tano. Mdomo ufunguke fremu moja au mbili kabla ya sauti. Ukifunguka pamoja nayo, jicho linaona umechelewa.

Muziki uwe chini sana ya sauti, na usiuchukue wimbo wa Bongo Fleva unaovuma. Una mwenyewe, na mfumo wa YouTube wa kutambua haki za muziki utaukamata. Maktaba ya sauti ya YouTube ina midundo ya bure.

Baada ya kuijenga video yote juu ya sauti, kumbuka kwamba wengi wataitazama simu ikiwa kimya, ndani ya daladala au kazini. Weka maandishi ya maneno yote, mistari miwili kwa wakati, makubwa, na yasikae chini kabisa ambako vitufe vya TikTok na Instagram vitayafunika. Umbo liwe la wima, pikseli 1080 kwa 1920, faili la MP4. Tumia rangi bapa: WhatsApp ikiibana video, rangi zinazofifia polepole hugeuka mabaka na mistari myembamba hupotea. Namba ya simu ikae sekunde nne nzima, imegawanywa tatutatu, na uitamke pia. Bei usiichore. Iandike kwenye maelezo chini ya video, maana gesi ikipanda wiki ijayo utalazimika kurenda upya, yaani kuitoa video nzima tena kwenye programu.

Kisha tafuta mtu asiyekujua, hata muuza duka jirani na kwa dada yako, mwonyeshe mara moja bila sauti, muulize: huyu anafanya kazi gani? Akijibu "anauza friji", tatizo halipo kwenye michoro. Rudi kwenye skripti.