"Ni demo tu, bosi": dhana potofu kuhusu kibali cha rada ya ardhini

"Hatuuzi, bosi, tunaonyesha tu." Karibu kila anayetaka kuleta rada ya kupenya ardhi, GPR, mtambo unaotafuta vitu vilivyozikwa kwa mawimbi ya redio, kuionyesha Nairobi hunianzia hapo mimi ninayemwandikia maombi ya kibali, na masikio yangu yamechoka. Mwenye kutoa kibali cha masafa (frikwensi) ya redio, Mamlaka ya Mawasiliano, hataki kujua kama kuna ankara. Anataka kujua kama antena itarusha mawimbi. Itarusha? Basi omba.

Hapo mteja hubadilisha wimbo: "Lakini haiwasiliani na mtu, Mamlaka ya Mawasiliano inahusika vipi?" Inahusika sana. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, ile ya 1998, haikuishia kwenye sauti na ujumbe. Inapoeleza mawasiliano ya redio, inaingiza pia mawimbi ya kupimia umbali, na ya kutambua kama kitu kipo na kipo wapi. Bomba la maji chini ya lami ni kitu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba demo ndiyo yenye matata kuliko kazi yenyewe. Antena inayoitwa ya MHz 400 haikai kwenye 400. Mpigo wake ni wa nanosekunde chache, kwa hiyo nguvu yake inatapakaa takriban kutoka MHz 200 hadi 600. Ile ya GHz 1.6 ya kukagulia zege inapita juu ya masafa ya simu na juu ya GPS, ambayo iko MHz 1575.42. Nguvu ni ndogo, na sehemu kubwa inamezwa na udongo mradi antena imelala chini. Sasa mtazame muuzaji mbele ya wageni: anaiinua ikiwa bado imewaka, anaigeuza ili waone tumbo lake, anaielekeza kwa mstari wa mbele huku akieleza bei. Fundi aliye kazini hana sababu ya kufanya hivyo. Marekani waliliona hili mapema. Kanuni zao za 2002 zinadai swichi ambayo mwendeshaji akiiachilia, mtambo unaacha kurusha ndani ya sekunde 10.

Kwa hiyo barua ya maombi isiseme "maonyesho ya teknolojia ya kisasa" halafu basi. Taja modeli na kila antena utakayobeba, mwanzo na mwisho wa masafa yake, nguvu inayotoka, mahali pamoja na viwianishi vya ramani (latitudo na longitudo), tarehe na saa, na jina la atakayeshika swichi. Ambatisha ripoti ya vipimo. Ya kiwango cha Ulaya, EN 302 066, inajibu maswali mengi kabla hayajaulizwa. Na usiniletee kazi hii wiki ambayo mialiko imeshatumwa.

"Ina cheti cha FCC." FCC ni tume ya mawasiliano ya Marekani, cheti chake ni cha huko, na hata huko hakikuachii uhuru wote: anayeruhusiwa kuitumia ni polisi, zimamoto, waokoaji, watafiti, wachimbaji madini na wajenzi, tena baada ya kuratibu mahali pa kazi na serikali.

"Forodha wameshaipitisha." Uingizaji wa muda chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, usiozidi miezi 12, ni habari ya ushuru. Masafa hayamo.

"Nikishapata kibali cha masafa naingia barabarani." Hapana. Hifadhi ya barabara ina mwenyewe, na mara nyingi hapa mjini ni KURA, Mamlaka ya Barabara za Mijini. Barua nyingine hiyo.

"Inachoma kama eksirei." Haichomi. Haifikii hata nguvu ya simu iliyo mfukoni mwako.

"Inaona mita kumi chini, popote." Huyu ndiye atakayeaibika mbele ya wateja. Udongo mweusi wa Embakasi, ule unaonasa gari mvua ikinyesha, unameza mawimbi hivi kwamba hata mita moja inaweza kukushinda. Udongo mwekundu wa upande wa Kikuyu una nafuu. Tafuta kiwanja chenye bomba unalolijua kina chake, pita juu yake siku moja kabla, kibali kikiwa mkononi. Na uchague mahali kabla barua haijaenda, maana kila ukihamisha demo tunarudi kuandika upya.