Sukari na presha: ulinzi wa mishipa ya damu

Ndani ya kila mshipa wa damu kuna tabaka moja la seli, jembamba mno. Seli hizo hutoa gesi ya naitriki oksaidi inayoulegeza mshipa ili utanuke, na huzuia damu isigande ovyo. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu hunata kwenye protini za ukuta huo, gesi hupungua, na mshipa unakuwa mgumu. Presha nayo huusukuma ukuta huohuo kila moyo unapodunda, mara 100,000 hivi kwa siku. Panapodhoofika, kolesteroli mbaya hupenya na kujijenga, na njia ya damu inazidi kubana. Mishipa midogo ikiharibika yanaumia macho, figo na neva. Ikiwa mikubwa, ni moyo, ubongo na miguu.

Wengi wenye magonjwa yote mawili huifuatilia sukari kwa bidii na kuisahau presha. Si ajabu, maana sukari ikipanda sana mtu huona kiu, mkojo wa mara kwa mara na uchovu, lakini presha ya 160/95 mara nyingi haina dalili yoyote. Utafiti wa Uingereza uitwao UKPDS, uliotoa matokeo mwaka 1998, ulihusisha wagonjwa 1,148 wenye kisukari cha aina ya pili na presha. Kundi lililodhibitiwa zaidi lilikuwa na wastani wa 144/82, na jingine 154/87. Tofauti hiyo peke yake ilipunguza kiharusi kwa asilimia 44, na madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 37. Utafiti ulipokwisha na presha za makundi hayo mawili kulingana, kinga hiyo haikudumu. Kwa sukari mambo yalikuwa tofauti: waliodhibitiwa mapema waliendelea kunufaika miaka mingi baadaye. Kwa hiyo anayesema "presha imeshuka, nimeacha dawa" ajue kwamba dawa ndizo zilizoishusha, na akiziacha kinga nayo inaondoka.

Kwa wengi lengo ni presha chini ya 130/80 na HbA1c, yaani wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, chini ya asilimia 7. Mzee dhaifu, au mtu anayeshukwa na sukari mara kwa mara, hupangiwa na daktari lengo lisilo kali hivyo.

Kipimo kibovu huleta dozi mbovu. Nusu saa kabla ya kupima usivute sigara, usinywe kahawa wala kufanya mazoezi. Nenda haja ndogo, kisha kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu bila kupishana. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo, na mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya shati. Mkanda mdogo kwa mkono mnene husoma juu kuliko presha halisi. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, uandike zote. Mwenye kizunguzungu anapoinuka apimwe pia akiwa amesimama, baada ya dakika 1 na ya 3: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huenda neva zinazoongoza mishipa zimeathirika, na daktari anapaswa kujua kabla hajaongeza dawa.

Figo huanza kuvuja protini muda mrefu kabla ya mtu kuvimba miguu. Omba kipimo cha albumini, ambayo ni protini hiyo, kwenye mkojo kila mwaka pamoja na kreatinini ya damu, yaani taka inayochujwa na figo, kwa sababu kreatinini peke yake huchelewa kuonyesha tatizo. Majibu ya albumini ya miligramu 30 au zaidi kwa gramu ya kreatinini ya mkojo hurudiwa, na yakithibitika, dawa za presha za jamii ya enalapril au losartan huzilinda figo. Enalapril ikileta kikohozi kikavu, rudi ubadilishiwe badala ya kuacha. Mjamzito hatumii dawa hizi. Diclofenac na ibuprofen za kununua tu dukani hupandisha presha na kuumiza figo hizohizo. Macho nayo yapimwe kila mwaka kwa kutanua mboni, hata kama unaona vizuri.

Miguu ikague kila siku, hasa katikati ya vidole na chini ya kisigino. Maumivu ya shavu la mguu yanayokuja ukitembea na kutulia ukisimama ni dalili ya ateri, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, iliyobanwa, ila ganzi ya kisukari inaweza kuyaficha kabisa. Kliniki hugawanya presha ya kifundo cha mguu kwa ile ya mkono. Ikiwa chini ya 0.9, ateri zimebanwa. Ikizidi 1.4 usifurahi: ateri imejaa chokaa na haibonyei, ndiyo maana namba imepanda, na hapo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu. Kidonda chochote mguuni, au kidole kilichopoa na kubadilika rangi, kionwe hospitali siku hiyohiyo.