Usonji hautokani na kosa la mama
Pale Mwanjelwa, Mbeya, mtoto wa miaka sita amechuchumaa kando ya meza ya nyanya ya mama yake, anapanga vizibo vya soda kwa mstari ulionyooka. Bajaji ikipiga honi, anaziba masikio na kulia. Ana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na namna mtu anavyohisi mazingira yake. Wapita njia humtazama mama, si mtoto. "Atakuwa amekosea mahali," wananong'ona: kavunja mwiko, au hampendi mwanawe.

Hata wataalamu waliteleza hapo. Leo Kanner, daktari wa akili ya watoto aliyeeleza usonji mwaka 1943 huko Marekani, aliandika pia kuhusu wazazi wasio na uchangamfu, na kwa miaka mingi kina mama wakabebeshwa lawama. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha wa Uingereza, kila jozi ikiwa na angalau mmoja mwenye usonji. Katika jozi 11 za mapacha wanaofanana, yaani wenye vinasaba vilevile, jozi 4 walikuwa nao wote wawili. Katika jozi 10 za wasiofanana, ambao vinasaba vyao hutofautiana, hakuna hata moja. Tafiti zilizofuata zimethibitisha kwamba urithi una nafasi kubwa. Malezi hayasababishi usonji.

Lakini lawama, na hili linaniuma, humfikisha mama pabaya. Anaacha kanisa, anaacha kikoba, anajifungia ndani na mtoto. Usingizi unapotea, sonona inaingia. Jirani akikaa na mtoto saa moja tu, mama anapumua. Shangazi akiuliza, "Na wewe mwenyewe unaendeleaje?", anapata pa kusemea. Akifika mahali pa kukata tamaa ya kuishi, asindikizwe hospitali siku hiyo hiyo, na atakayemsindikiza asimuulize alikosea wapi.